Ukuta Unaojibu

Nyumbani, 3 Machi

Kwako mdogo wangu Mwangwi,

Pokea salamu za bondeni, nyingi kama kokoto za mtoni. Kabla ya yote, afya. Kifua kinaendeleaje, na yale magoti uliyoyalalamikia mwaka jana? Sisi huku wazima. Baba anakula, analala na anagomba, na mtu anayegomba bado ana nguvu. Macho tu ndiyo yamezidi kufifia. Anasema uso wangu sasa anauona kama moshi, kisha anaongeza kwamba hajapoteza kitu.

Utauliza kwa nini sikupigii simu. Simu huku bado inashika kwenye lile jiwe la kupumzikia peke yake, na nikifika pale nina wageni wanahema nyuma yangu. Siwezi kumwaga mambo ya nyumbani mbele ya watu wanaotafuta chupa za maji. Tena jambo lenyewe linataka karatasi.

Bonde limebadilika, mdogo wangu. Ofisi mpya ya utalii imeleta baiskeli za kukodi na boti za mpira za kuteremkia mto. Wamefunga na waya mrefu kutoka kilima hadi kilima. Mtu anafungwa mikanda, anasukumwa, anapita juu ya miti yetu akipiga kelele za kuomba radhi kwa mama yake, akifika ng'ambo anasema anataka tena. Mimi bado natembeza kwa miguu. Maporomoko, pango la popo, daraja la kamba, na lile ziwa dogo la maji baridi ambamo wanaojifanya mashujaa hujitumbukiza wakatoka wanagonganisha meno. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Silalamiki.

Shida ni ubao. Ule ubao mkubwa wa pale getini unapakwa upya, na fundi rangi amekuja kuniambia kwa adabu kwamba Ukuta Unaojibu, ule mwamba wetu wa kurudisha sauti, umefutwa. Wageni wamechoka kuulalamikia. Wanapanda mpaka juu, wanaita hadi koo zinakauka, ukuta kimya. Miaka yote hii tangu uondoke nimekuwa nikiwaambia umenuna. Sasa wamesema ukuta wenye kununa hautakiwi kwenye ubao.

Nikafanya kosa la kumwambia Baba. Alipapasa fimbo yake ya kutembezea wageni, ile ya kichwa cha pembe. Halafu akasema, "Nipeleke nikauite mimi." Nikamwambia njia mbaya. Akasema punda yupo. Nikamwambia macho. Akasema, "Kwani naenda kuutazama?"

Mwangwi, nifanye nini? Sisi wawili tu ndio tunaojua kwa nini ule ukuta ulikuwa unajibu. Nakumbuka kama jana. Mvua kubwa iliangusha bega lote la mwamba, na tulipokwenda kujaribu, hata "a" haikurudi. Baba alikuwa kitandani na mguu wake uliovunjika, anahesabu tu siku apone apandishe wageni. Angeaibika mbele za watu, mzee wa watu, mtu aliyefiwa na mkewe mwaka uleule. Nikakukimbiza wewe kwa njia ya mbuzi mpaka ng'ambo ya korongo, nikakuficha nyuma ya mwamba wenye shimo. Baba akasimama, akaita ile "Upo?" yake. Na wewe, kisauti chako kikitetemeka, ukarudisha: "...pooo?" Uso wa Baba siku ile sitausahau. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu Mama atutoke.

Sasa anataka kuuita tena, na nyuma ya mwamba hakuna mtu.

Ni mimi,
Dada yako


Mjini, 29 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, na nimefurahi kusikia Baba anagomba. Magoti hayajambo, ila kila asubuhi yananikumbusha kwamba binadamu hakuumbwa kufungwa kamba kiunoni akaning'inizwa nje ya ghorofa.

Kazi ni ileile ya vioo. Ndoo kushoto, raba ya kufutia maji mkono wa kulia, sabuni kidogo, maji mengi, unaanza juu unashuka. Walio ndani hawanitazami. Mmoja tu, mama wa ofisi fulani, huninyanyulia kikombe chake, nami humnyanyulia raba. Huyo ndiye rafiki yangu wa mjini na sijawahi kusikia sauti yake.

Umenitonesha, dada. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya ndoo, nikasikia harufu ya majani ya njia ya mbuzi. Unakumbuka ulivyonifundisha? "Ukuta haujibu, ukuta unarudia. Ukuta hauna maoni." Nirudie mwisho wa neno tu, kwa sauti ya chini kuliko ya mgeni, na nisicheke. Nikikosea, kibao, nikipatia, peremende. Unakumbuka yule kijana aliyekuja na mchumba wake, akaita, "Utaolewa na mimi?" nami nikarudisha "na mimiii?" Yule binti akasema, "Sasa nimeposwa na wawili, nimkubali yupi?" Niliuma mkono wa shati nisicheke, alama za meno zilibaki.

Na mwaka ule sauti yangu ilipoanza kukwaruza! Asubuhi ukuta unaimba kama chiriku, mchana unakoroma kama chura. Nilisikia kwa masikio yangu Baba akiwaambia wageni, "Msishangae, hata mawe hubalehe." Mpaka leo sijui aliyatoa wapi.

Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni kile kiti changu. Kila msimu wa wageni ulipoanza nilikuta pale shimoni gunia limejazwa nyasi kavu, safi, limeshindiliwa vizuri. Wewe ulisema ni la mchunga mbuzi, husahau vitu vyake kila mahali. Nilikuwa namshukuru moyoni. Bila lile gunia ningepata ugonjwa wa mgongo kabla ya ndevu.

Lakini kuja, dada, siwezi. Unajua alichosema asubuhi ile. Mlango wazi, begi langu mgongoni, na yeye anasema bila kunigeukia: "Anayeiacha sahani yangu imejaa asirudi kuiulizia." Hakutoka kuniaga. Mimi ni mwanawe, nina kichwa kilekile. Aliyenifukuza ndiye wa kuniita.

Mwambie ukuta umezeeka. Naye ni mzee, ataelewa.

Mdogo wako,
Mwangwi


Nyumbani, 20 Aprili

Mwangwi,

Salamu. Natumaini u mzima, maana nataka kukugombeza na sipendi kumgombeza mgonjwa.

"Aliyenifukuza." Nani alikufukuza? Mimi nilikuwepo, nimeshika mlango. Baba aliamka kabla ya jogoo kupika yeye mwenyewe, mtu ambaye nyumbani hajui hata chumvi inakaa wapi. Alikupikia viazi vya safari, vile anavyopikia wageni kambini. Vikaungua upande mmoja. Wewe ulikuwa umekasirika kwa sababu jana yake alikwambia fimbo ya kutembezea wageni ni yako na mji hauna milima. Ukapita mbele ya ile sahani kama linavyopita gari. Ndipo akasema yale maneno. Ulipotoka aliifunika. Ilikaa mezani mpaka jioni, na mbwa alipoisogelea alifukuzwa. Hilo hukulijua kwa sababu ulikuwa njiani, umenuna.

Sasa sikia habari za huku, ucheke kidogo kabla hujanikasirikia. Baada ya barua yako nikasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwendea mchunga mbuzi, yule mwenyewe wa meno mawili, nikampa kazi yako. Nikamweleza kila kitu: rudia, usijibu. Akaapa. Tukajaribu na wageni wangu wa Jumamosi. Mama mmoja akaita, "Habari!" Ng'ambo ikaja sauti ya kibwana kabisa: "Nzuri, karibuni sana!"

Niliwaambia wageni ni mtu anapita. Nikamwuliza baadaye, mzee, vipi? Akanijibu kwamba yeye amelelewa vizuri, hawezi kusalimiwa akarudisha salamu yenyewe kama kichaa.

Kwa hiyo mchunga mbuzi hafai. Na Baba hatanii. Kila asubuhi anazunguka nyumba, mkono ukutani, anazoeza miguu. Jana amejigonga kwenye pipa la maji, akaliomba radhi, akaendelea. Daktari amesema macho hayarudi. Alichobaki nacho ni masikio. Amesema atapanda siku ya kwanza ya msimu, mwezi wa nane, na ameniagiza nimwalike fundi rangi aje na brashi yake.

Akiita na kukosa, Mwangwi, hatashuka mtu yuleyule. Naogopa. Nimekwambia.

Dada yako


Nyumbani, 11 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Hujajibu. Wewe na ukuta sasa mmekuwa ndugu kweli.

Baba ananiuliza kama posta imekuja. Anajidai anasubiri barua ya ofisi ya utalii. Ofisi ya utalii iko hapo chini, tunaisikia redio yake.

Dada yako


Mjini, 2 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na nisamehe kwa kimya. Sina ugonjwa. Nilikuwa naandika na kuchana. Yule mama wa kikombe ameona karatasi zinachungulia mfukoni mwangu, akaniuliza kwa ishara kama ni za mpenzi. Nikamjibu kwa ishara kwamba ni za dada. Akasikitika.

Nikueleze lililonipata. Juzi tulikuwa tunasafisha jengo lililotazamana na jingine, ukubwa sawa, vioo vitupu. Asubuhi mapema, magari bado machache. Mwenzangu alikuwa ameshashuka chini. Sijui nini kilinishika, nikajaza kifua nikaita, "Upo?" Ikarudi, dada. Safi, bila kutetemeka: "...pooo?" Ukuta wa kweli, usio na mtoto nyuma yake. Mwenzangu akajibu kutoka chini, "Nipo, unataka maji?" Nililia pale juu nimeshika raba, na kioo nilichokwisha kukisafisha nikakichafua tena.

Kwa maana miaka yote ile nilikuwa upande wa kurudisha. Sikuwahi kujua mwenye kuita anasikia nini. Anasikia kwamba hayuko peke yake. Basi.

Nakuja. Lakini sikiliza masharti yangu na usiyabishie. Nitapita barabara ya juu, sitashuka nyumbani. Nitaingia kwa njia ya mbuzi asubuhi, nitakaa shimoni, nitarudisha atakachoita, halafu nitaondoka na basi la jioni. Baba asijue. Nampa ukuta wake, hilo naliweza. Mengine sina uso nayo. Ulichoniandika kuhusu ile sahani kimenikaa kooni, na ukuta hauendi nyumba za watu kula.

Nipe siku na ishara.

Mdogo wako,
Mwangwi


Nyumbani, 19 Julai

Kwako Mwangwi,

Salamu zako zimefika, na za huku ni njema. Sawa. Sina ubishi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Mchunga mbuzi atakusubiri barabara ya juu akuonyeshe njia, maana imeota vichaka; yeye ameahidi kufunga mdomo na safari hii nimemwapisha kwa mbuzi wake. Nikivua kilemba chekundu, ujue Baba yuko tayari. Vaa koti. Peremende nitakuletea kama utapatia.

Dada yako


Juu, kwenye jiwe la kuitia, leo hii

Mdogo wangu,

Afya yako siiulizi, nimeisikia. Mapafu mazima.

Anayekuletea karatasi hii ni mchunga mbuzi, na nimemwambia asikuache mpaka uisome yote. Basi la jioni liache lipite.

Ulikuwa nyuma ya mwamba, zaidi ya kilemba changu hukuona kitu, kwa hiyo acha nikueleze. Tulipofika Baba aliteremka kwenye punda mwenyewe, akakataa mkono wangu. Fundi rangi alikuwepo na kopo lake, na wageni wangu, mtu na mkewe, wanahema. Baba akaisikiliza hewa kwanza, unajua anavyoinamisha kichwa. Akaweka fimbo chini. Nikavua kilemba. Nilijua ataita "Upo?" kama siku zote za maisha yake.

Akaita, "Umekula?"

Moyoni nikawa nakuombea: rudisha tu, Mwangwi, "...kulaaa?", kama nilivyokufundisha. Kimya. Kimya kirefu mpaka nikamsikia punda anatafuna. Halafu wewe, mtu niliyekulea kwa kibao na peremende, ukajibu:

"Bado, Baba!"

Bado, Baba! Mchunga mbuzi sasa naona ana nafuu.

Brashi ya fundi rangi ilianguka. Yule mgeni wa kiume akaniuliza kwa upole, "Samahani, ukuta huu una baba?" Na kabla sijapata uongo wa kumpa, Baba akamjibu bila kugeuka: "Una baba, una dada, na una kichwa kigumu." Kisha akakaa chini, akaweka uso kwenye mikono, akalia, akawa anacheka humohumo kwenye kilio. Nami nikalia. Mke wa mgeni naye akalia, sijui yeye anamlilia nani.

Nilipomuuliza alijua tangu lini, akanitazama pale anapodhani nipo. "Tangu siku ya kwanza. Wewe ulidhani sauti ya mwanangu naisikia kwa macho?" Akasema mwaka mmoja ukuta ulipiga chafya, na jioni yake wewe ukaja mezani na mafua. Akasema alinyamaza kwa sababu tulimfanyia wema, na mtu akifanyiwa wema na watoto wake haulizi maswali, anashukuru kwa njia nyingine.

Mwangwi, lile gunia halikuwa la mchunga mbuzi. Muulize, amesimama hapo. Kila msimu ulipokaribia, Baba alikuwa anapanda peke yake na mguu wake mbovu, anakata nyasi, anakausha, anashindilia. "Mtoto angekaa kwenye jiwe baridi?" Basi. Na juzi alimwita mchunga mbuzi uani, akampa gunia jipya alipeleke. Inuka hapo ulipokaa uangalie. Nyasi hizo amekata yeye, kwa kupapasa.

Naapa sikumwambia kwamba unakuja. Anasema nilipoanza kuimba jikoni mwezi uliopita alijua. Na mambo ya ubao hayamhusu kabisa, nimegundua leo. Fundi rangi amemuuliza basi aandike nini, ukuta upo au haupo, naye akamwambia aandike anachotaka, yeye ana haraka, anakwenda kupika.

Nikathubutu kumkumbusha yale maneno ya asubuhi ile, kwamba alikataza mtu asirudi kuiulizia sahani. Akasema, "Nilikataza asiulizie yeye. Ndiyo maana nimeuliza mimi."

Tunatangulia kushuka. Viazi anamenya mwenyewe na hasaidiwi, kwa hiyo vitaungua upande mmoja kama vile vya siku ile, na utavila hivyohivyo. Pita daraja la kamba, ni karibu zaidi. Gunia libebe, amesema nyasi zisiachwe zikalowa.

Safari hii usinijibu kwa barua.

Dada yako